Mistari ya Mkubwa Haifutwi

Ofisini kwetu Kimandolu, ghorofa ya kwanza juu ya duka la pembejeo, kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote na ikafuatwa kuliko zile kumi za Musa: mistari ya mkubwa haifutwi. Sisemi mistari ya Biblia. Nasema mistari ya programu ya kompyuta, ile tuliyoiandika watu watatu kutwa nzima, tumevaa masweta, tunakunywa chai ya tangawizi na kulaumiana kimyakimya.

Nieleze kwa asiyejua kazi hii, maana hata mama yangu mzazi mpaka leo anawaambia wenzake wa kanisani kwamba binti yake anatengeneza simu. Programu moja huandikwa na watu kadhaa. Yote inakaa kwenye ghala moja la mtandaoni, wenyewe tunaliita ripo. Kila mtu anachukua nakala yake, anakwenda nayo mezani kwake, anaongeza, anapunguza, kisha anairudisha. Kama mimi nimegusa ukurasa wa tatu na wewe wa tisa, ghala linaunganisha lenyewe, hakuna aliyesikia. Balaa ni pale tunapogusa mstari uleule. Hapo ghala linagoma. Linachora mishale saba inayotazama kushoto, chini yake maneno yako, halafu alama saba za sawasawa, halafu maneno ya mwenzako, halafu mishale saba inayotazama kulia. Kisha linatulia, linasubiri, kana kwamba linasema haya, nyie si watu wazima, amueni. Kwingine duniani, nasikia, watu huangalia maneno yapi ndiyo sahihi. Sisi tuliangalia nani kazaliwa kwanza.

Sheria ililetwa na machozi. Mwenye ofisi, tuliyemwita Mkuu, ni mtu wa Kilimanjaro, mwimba kwaya, mwenye sauti nzito na moyo laini kuliko parachichi la wiki mbili. Alijifunza kazi hii enzi kompyuta inafunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni, na kusema kweli anaijua. Siku moja mwenzangu, dada tuliyekaa naye meza moja, alipata mgongano akafuta mistari mitatu ya Mkuu na kuacha ya kwake. Mistari mitatu! Mkuu aliitisha kikao, tukafungua kwa sala, akamtazama yule dada muda mrefu. "Mdogo wangu," akasema, "umenifuta." Alisema kama mtu aliyekuta jina lake halimo kwenye wosia wa baba yake. Dada wa watu akalia. Mkuu naye macho yakawa mekundu. Mimi nilikuwa naangalia dirishani, Mlima Meru umevaa mawingu yake, nikauonea wivu kwa kuwa na mahali pa kujificha.

Tangu siku hiyo ukipata mgongano na Mkuu unampigia simu. Na hupigi tu ukasema umepiga kwa ajili ya mstari wa arobaini na mbili, hapana, huna adabu? Unaanza na shikamoo. Unauliza watoto. Unauliza mama yake anaendeleaje kule Moshi, na mguu wake. Unauliza kama mvua zimenyesha. Ndipo unaomba ruhusa, naye anasema, "Acha ya kwangu, nitaangalia." Asipopokea simu, unaacha ya kwake. Na mimi na yule mwenzangu, tuliozaliwa mwaka mmoja, ilibidi tutafute miezi. Yeye wa Machi, mimi wa Julai. Wee! Miezi minne tu, lakini kuanzia hapo akaniita mdogo wake, na mistari yake ikawa inanikalia kichwani mchana kutwa. Eti sisi ndio teknolojia.

Ningecheka mpaka kesho kama programu ile ingekuwa ya kuuza viatu. Ilikuwa ya ndama.

Mimi kwetu ni Oldonyo Sambu, upande wa nyuma wa mlima, ule mkavu ambao watalii hawaupigi picha. Tunalima mahindi na maharage mvua ikitaka, na tunafuga. Adui wa ndama kule ni ndigana kali, ugonjwa wa kupe. Ndama anaamka na homa, tezi zinavimba chini ya sikio, anakohoa, siku chache unachimba shimo. Mwaka uliotangulia baba yangu alikuwa amezika ndama tisa kati ya kumi na wawili. Sikuwahi kumwona baba akikaa kwenye kiti chake bila kufanya chochote, mwaka ule nilimwona.

Kinga ipo, tena ukimchanja ndama mara moja imetosha maisha yake. Ila chanjo yenyewe ina nongwa. Inasafirishwa imegandishwa kwenye mtungi wenye baridi ya kutisha, na ikishayeyushwa ina saa chache tu, baada ya hapo unaimwaga. Na mrija mmoja ukiuyeyusha ni wa ndama wengi kwa pamoja, huwezi kuuyeyusha kwa ajili ya wawili. Kwa hiyo lazima ndama wote wa eneo wawe wamefika mahali pamoja, siku moja, saa moja. Hapo ndipo ofisi yetu ilipoingia. Tulitengeneza mfumo wa kutuma meseji: siku moja kabla ya chanjo, saa moja asubuhi, simu ya mtu mmoja kila kitongoji inalia, yeye anawatangazia majirani, kesho leteni ndama joshoni, pale tunapoogeshea mifugo.

Kitongoji chetu wakamchagua baba. Walikaa kikao, wakasema huyu binti yake ndiye mwenye meseji, na yeye hajawahi kumdanganya mtu. Baba alinunua shati. Msicheke, alinunua shati jipya kwa ajili ya kupokea meseji. Akazunguka boma kwa boma akiwaambia wazee wenzake, ambao hawakuamini simu wala chanjo wala mimi, kwamba safari hii ndama hawafi. "Nimesimama mimi," aliwaambia. Alikuwa na ndama kumi na mmoja msimu ule. Majirani kwa jumla walikuwa na kama hamsini. Wote walikuwa wamesimama juu ya neno la baba, na neno la baba lilikuwa limesimama juu ya mstari mmoja wa programu yetu.

Sasa basi. Kwetu ilikuwa imepangwa Alhamisi. Ijumaa ya wiki iliyotangulia bwana mifugo akanipigia, mtungi unawahi, Oldonyo Sambu iwe Jumatano. Nikabadili mstari, Alhamisi ikawa Jumatano, na siku ya kutuma meseji ikafuata yenyewe, nikarudi nyumbani Levolosi nikijiona mtu wa maana. Jumamosi asubuhi nikaenda ofisini peke yangu kuunganisha kazi ya wiki. Ghala likagoma. Mishale saba, alama saba, mishale saba.

Kumbe Mkuu naye alikuwa ameugusa mstari uleule. Yeye hakugusa siku, habari ya siku hakuwa nayo. Aligusa adabu. Meseji yangu ilikuwa inasema: Chanjo ya ndama Jumatano, josho, saa nne asubuhi. Mkuu aliona hayo ni maneno ya askari wa barabarani. Yake ilianza: "Mpendwa mfugaji, tunakusalimu kwa heshima na taadhima, tukikutakia afya njema wewe na familia yako." Ndama walikuja kutajwa huko mwishoni, na siku iliyotajwa ilikuwa ileile ya zamani, Alhamisi.

Mtoto wa darasa la nne angejua la kufanya. Chukua salamu za Mkuu, chukua siku yangu, unganisha, kunywa chai. Dakika moja. Na mimi nilijua. Hapa sitaki kumdanganya mtu: niliuona ule mstari, nilisoma Alhamisi kwa macho yangu mawili, nilijua ni makosa.

Lakini Jumatano ya wiki ileile nilikuwa nimefanya hivyohivyo, nimeunganisha maneno yake na yangu kwenye sehemu nyingine, na Mkuu akanisimamisha mbele ya wageni wa mradi, watu sita na sahani za sambusa mkononi, akasema, "Huyu mdogo wangu ni mzuri, ila ana haraka. Bado hajajifunza kuwaachia wakubwa kazi yao." Wageni wakacheka kidogo. Mwenzangu wa mwezi Machi akacheka zaidi ya kidogo. Moyo ulinichemka, jamani. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma, na usiku nikajibizana na Mkuu peke yangu kitandani, nikamshinda kwa hoja zote.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilifuata utaratibu. Nilipiga simu. Haikupokelewa, Mkuu alikuwa Moshi kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake, na kipaimara cha kule si jambo la kupokea simu. Nikasema haya bwana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami miguu yangu naipenda. Nikafuta mstari wangu wote. Nikaacha wake wote, na mpendwa mfugaji wake, na Alhamisi yake. Nilijiambia Jumatatu atakaporudi kupitia kazi ya wiki ataliona kosa, na nitakuwa nimeketi pale pembeni na kikombe changu, na nitasema kwa sauti ya upole kabisa, "Nilikuachia kazi yako, Mkuu." Niliifanyia mazoezi sentensi hiyo ngazini wakati nashuka.

Jumatatu Mkuu hakurudi, sherehe iliongezewa siku. Na mimi asubuhi hiyo nikapelekwa Tengeru siku mbili kufundisha maafisa namna ya kutumia mfumo wetu wa kisasa unaookoa mifugo. Nikafundisha vizuri sana. Wakanipigia makofi. Ule mstari ulinitoka kichwani kabisa. Nilikuwa nimeshakula kisasi chote kwenye mawazo, nikashiba, nikasahau kwamba chakula chenyewe bado kiko jikoni kinaungua.

Jumatano saa tano asubuhi niko mezani kwangu, simu inalia. Bwana mifugo.

"Dada, niko joshoni tangu saa tatu. Ndama wako wapi?"

"Ndama gani?"

"Wa kwenu! Walikuja wanane wa hapa jirani waliponiona nimefika, nikajua wengine wako njiani, nimeshayeyusha mrija. Mwisho wake saa tisa."

Nikampigia baba. Alipokea kwa sauti ya furaha, ile anayoitumia akijua kuna watu wanamsikiliza. "Mama," akasema, maana nimerithi jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "meseji yako imefika asubuhi. Nzuri sana, ina salamu. Nimeshawatangazia wote, kesho."

"Baba, ni leo."

"Imeandika Alhamisi."

"Ni leo, baba. Ni sasa hivi. Mwisho saa tisa."

Nilisikia akipiga kelele kwa Kimaa, kisha simu ikakatika.

Nilikodi bodaboda mpaka Oldonyo Sambu, upepo na vumbi, dereva ananiuliza dada umefiwa, nikamwambia endesha. Nilimkuta bwana mifugo amekaa juu ya ukuta wa josho, saa yake mkononi. Ndama wanane walishachanjwa na kuondoka. Mifugo ya kwetu ilikuwa imeshakwenda malishoni mbali, kule bondeni, kwa sababu nani anazuia ndama nyumbani wakati chanjo ni kesho? Saa nane tukaona vumbi, nikasimama, kumbe ni lori la mchanga. Saa tisa bwana mifugo akainuka, akamwaga dawa iliyobaki chini. Hakunitazama. Mtungini mlikuwa na mirija mingine lakini ilikuwa na wenyewe, kata nyingine, kesho yake asubuhi, nao pia walikuwa na ndama na makaburi ya ndama. Mtungi mwingine ungekuja kwetu baada ya miezi mitatu.

Walifika saa kumi na nusu. Baba mbele, shati lile jipya limelowa jasho limeshika mgongo, ndama wanahema ulimi nje, wengine vijana wamewabeba mabegani. Nyuma yake wazee wenzake na wake zao, zaidi ya watu ishirini, wote wamekimbia juani kwa ajili ya dimbwi dogo la dawa lililokwisha kukauka.

Bwana mifugo akawaeleza. Wote wakaanza kusema kwa pamoja. Mzee mmoja, yule ambaye baba alimbembeleza wiki nzima, akauliza kwa Kimaa, polepole, kila neno peke yake: meseji ilisema lini? Watu wakanigeukia mimi. Nilifungua mdomo. Sijui nilitaka kusema nini, sijui kama ningesema kweli.

"Ilisema leo," baba akasema. "Ilikuja sawasawa. Mimi ndiye nimeisoma vibaya. Macho yangu yamezeeka, na nikaona aibu kumwita mtoto anisomee."

Yule mzee alimtazama baba juu mpaka chini, akatema mate pembeni, akawageuza ndama wake watatu. Wengine wakamfuata.

Nyumbani mama alituwekea chai, ikapoa. Nilimwambia baba kila kitu: Mkuu, sambusa, wageni, mstari, na kwamba niliona. Nililia kwa sauti kama mtoto. Nikamwambia kesho naitisha kikao naeleza mbele ya wote. Baba alikuwa anavua viatu.

"Hutaeleza."

"Baba, wewe hujakosea kitu!"

"Wakijua meseji ilikosea, ya safari ijayo hawatakuja hata mmoja, na ndama watakufa tena na tena. Wakijua ni mzee aliyesoma vibaya, watatafuta mtu mwenye macho." Akaweka viatu pembeni ya mlango. "Usinifanye niseme uongo mara mbili."

Alhamisi nilimweleza Mkuu. Ghala linahifadhi kila kitu, nani kafuta nini, saa ngapi. Nikamfungulia akasoma mwenyewe. Alisoma muda mrefu, miwani puani.

"Uliiona Alhamisi?"

"Niliiona."

"Ukaniachia."

"Wewe ni mkubwa, Mkuu." Hata hapo, jamani, bado nilikuwa na ulimi.

Akavua miwani. "Sawa, mkubwa ni jalala. Ila takataka hii, mdogo wangu, umeileta wewe kwa mikono yako." Siku hiyohiyo sheria yetu ikafa. Akatangaza kuanzia sasa mgongano unaamuliwa kwa ukweli wa jambo, mdogo afute ya mkubwa, wa Julai afute ya wa Machi. Alitaka kwenda Oldonyo Sambu kuomba radhi kwa baba. Baba akamtumia salamu, akamwambia asije, watu watauliza.

Katika ile miezi mitatu ndama sita wa baba walikufa. Wa majirani sikuhesabu, baba alihesabu, hakuniambia. Nilijua tu kwa jinsi alivyoacha kwenda mnadani siku ambazo wenzake wanakwenda.

Mtungi ulipokaribia kuja tena, bwana mifugo akatutumia orodha ya marekebisho. Ya vitongoji vingine ilikuwa ni saa na mahali. Ya kwetu ilikuwa hivi: wananchi wamekaa kikao, wameomba mpokeaji wa meseji abadilishwe, awekwe mwingine anayeona vizuri. Namba mpya ilikuwa ya yule mzee aliyetema mate.

Kazi ile ilikuwa zamu yangu. Nilifungua faili, nikatafuta mstari wa kitongoji chetu, nikakuta namba ya baba, ile ninayoijua kwa kichwa tangu nikiwa sekondari. Nikaifuta tarakimu moja moja, nikaandika ya jirani, nikarudisha ghalani. Ghala lilipokea mara moja. Hakukuwa na mgongano wowote.